Baba anasema gari la babu litaniua. Nianzie wapi kulitengeneza?

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 17, bado nipo sekondari. Babu yangu alipofariki aliacha gari dogo la milango minne, gia za mkono, injini ya cc 1300 yenye kabureta. Limeegeshwa nyuma ya nyumba tangu nikiwa shule ya msingi. Matairi yote yameisha upepo, vioo vimeota ukungu, na mlango wa dereva haufunguki mpaka uusukume kwa ndani. Bibi amesema nikiweza kulifufua ni langu. Gia nilifundishwa na babu nikiwa nimekaa humo humo, gari likiwa limezimwa, kwa hiyo watu wakiliita chuma chakavu naumia.

Nina akiba kidogo ya vibarua vya likizo. Shida ni kwamba kila ninayemuuliza ana lake. Rafiki yangu anataka nianze na rangi, rimu na spika, kwamba gari likipendeza ndipo mtu anapata moyo wa kuendelea. Fundi mmoja alifungua boneti, akatazama kidogo, akasema injini imekufa, nitafute nyingine iliyotumika. Hakushika hata spana. Binamu yangu naye anasema Jumamosi hii tuazime betri, tupige stata tuone kama litawaka.

Mgumu kuliko wote ni Baba. Nilipomweleza alisema, "Hilo gari litakuua," akanyanyuka. Tangu siku hiyo hataki hata litajwe. Mama ananiambia nimpe muda. Sitaki kulitengeneza kwa kujificha, na sitaki kuliacha lioze.

Naomba unisaidie. Nianzie wapi? Injini imekufa kweli? Na Baba nimwambie nini?

Mjukuu wa dereva

JIBU

Marahaba mwanangu. Babu apumzike kwa amani.

Nianze na Jumamosi kwa sababu iko karibu. Msipige stata. Injini ikilala miaka mingi, oili iliyokuwa kwenye kuta za silinda hushuka yote, kuta zikabaki kavu, na ringi za pistoni zinaweza kushikana na kutu. Stata ina nguvu ya kuzilazimisha, na zikilazimishwa hukwaruza silinda au hukatika. Wakati huohuo pampu itakuwa inavuta petroli ya miaka iliyopita. Petroli huanza kuharibika ndani ya miezi tu; ikikaa miaka huacha uchafu unaonata, wenye harufu kama ya vanishi, ambao huziba vitundu vya kabureta. Injini ambayo leo huenda ni nzima inaweza kuharibika kwa dakika moja ya papara. Mwambie binamu asubiri. Kazi yake ipo, na ni nyingi.

Sasa Baba. Mwanangu, Baba yako amesema kweli tupu. Gari lisilojulikana hali ya breki, matairi na stelingi yake linaua, na linaweza kumuua hata aliyelala chini yake na spana mkononi. Usiipokee kauli yake kama marufuku, wala kama maneno ya mtu asiyekutakia mema. Ipokee kama orodha ya kazi. Kaa na daftari ujiulize: gari hili linaweza kuniua kwa njia gani? Kila jibu litakalokujia, hilo ndilo litengenezwe kabla ya lingine lolote. Ukifanya hivyo, swali lako la kwanza na la tatu yanakuwa na jibu moja. Gari liweze kusimama kwanza, ndipo liende, na mwisho kabisa ndipo lipendeze.

Kabla ya spana, karatasi. Mali ya marehemu ina warithi, na neno la Bibi, hata likiwa zito kiasi gani, linaweza kupingwa siku gari likishang'aa. Omba wakubwa wa familia waseme wazi kwamba limekuwa lako, kisha tafuta hati ya umiliki na uhakikishe namba ya chesisi na ya injini zilizoandikwa humo ndizo zilizogongwa kwenye gari. Ni jambo la mchana mmoja, lakini usitie hata senti ya akiba yako kabla halijakamilika.

Njia ya kwanza ambayo gari linaweza kukuua haihitaji liwake: kukuangukia. Jeki imetengenezwa kwa kuinua tu, haikutengenezwa kwa kushikilia. Ya haidroliki inaweza kuvuja na kushuka taratibu au ghafla. Ya kuzungusha kwa mkono huyumba gari likisukumwa kidogo. Ukishainua, weka stendi za chuma zinazobeba uzito unaozidi wa gari lako, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, na uziweke mahali ambapo kitabu cha gari kinaelekeza, maana sakafu ya gari la zamani inaweza kuwa imeliwa na kutu. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Usitegemee hendibreki: katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo ukiinua nyuma haina kazi tena. Usiweke matofali, kwa sababu tofali hupasuka bila kutoa dalili. Kisha litikise gari kwa nguvu ukiwa umesimama pembeni. Kama litaanguka, lianguke wakati huo. Na usiingie chini siku ambayo uko peke yako nyumbani, hata kwa kazi ya kuangalia tu.

Sasa breki, na hapa ndipo nataka akiba yako iende. Zitazame breki za gari lililolala kama breki zilizoharibika hadi uthibitishe vinginevyo, hata kama pedeli inaonekana ngumu. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari hutaka ibadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Iliyonyonya maji huchemka mapema breki zikipata moto, na mvuke, tofauti na oili, hubonyea. Unakanyaga, pedeli inazama hadi sakafuni, gari linaendelea kwenda. Maji hayohayo huleta kutu ndani ya masta silinda (silinda kuu inayosukuma oili ya breki ukikanyaga pedeli) na ndani ya silinda ndogo za breki kwenye magurudumu, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo oili yote ya zamani itoke. Raba za masta silinda na za silinda za magurudumu zibadilishwe, na kama chuma chenyewe kimechimbika, nunua silinda nzima, usibahatishe. Paipu za raba zinazokwenda kwenye magurudumu ziwe mpya hata kama hazijapasuka. Raba ya zamani huvimba kwa ndani na kuziba. Paipu za chuma zifuate kwa kidole na tochi kutoka mbele hadi nyuma. Palipo na kutu iliyochimba, paipu hiyo haifai.

Ukifungua dramu ya breki utakuta vumbi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Bitana za breki za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni haliwezi kutolewa. Lilowanishe kwanza, lifute kwa kitambaa cha maji ukiwa umevaa barakoa inayochuja vumbi laini kabisa, si ya kitambaa, kisha kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kitupwe. Na oili ya breki ni aina yake: soma kwenye kifuniko cha kikopo cha masta silinda kama gari linataka DOT 3 au DOT 4. Usiongeze oili ya injini kwa kufikiri oili ni oili. Huvimbisha raba zote na kazi nzima inaanza upya.

Najua unataka kufanya kila kitu kwa mikono yako, na ninapenda moyo huo. Kwenye breki, hata hivyo, tafuta fundi anayeheshimika kwa kazi hiyo, mlipe akusimamie: ufungue wewe, ufunge wewe, akague yeye. Hayo ni malipo yenye thamani kuliko spika yoyote.

Mkishafunga vyote inabaki kutoa hewa kwenye mfumo, na kazi hiyo kwa njia ya kawaida inataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva, anakanyaga pedeli na kuishikilia. Mwingine yupo kwenye gurudumu, analegeza kile kiskrubu cha kutolea hewa, oili na mapovu vinatoka, anakaza, ndipo wa juu anaachia; mnarudia hadi oili itoke bila mapovu. Mara nyingi huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, lakini fuata kitabu cha gari lako. Mtu wa kumwomba akukanyagie pedeli ni Baba. Usimwombe ruhusa ya gari siku hiyo, wala usimpe hotuba. Mwambie, "Baba, nabadilisha oili ya breki, nahitaji mtu wa kukanyaga." Atahisi kwa mguu wake mwenyewe pedeli ikitoka kuwa laini kama sifongo hadi kuwa ngumu. Mkimaliza mwombe aikanyage na kuishikilia kwa nguvu. Ikizama polepole ilhali hakuna mahali panapovuja, oili inapita ndani ya masta silinda, nayo irudi kufunguliwa. Baba ajue hilo kutoka kwako, usimfiche.

Inawezekana akakataa kuja. Basi mwachie lile daftari mezani, ukurasa wa njia za kuua, penye tiki palipokamilika na pasipo tiki pabaki wazi. Mzazi anayeogopa hatulizwi na ahadi ya "nitakuwa mwangalifu". Anataka kuona umeogopa kitu kilekile anachokiogopa yeye. Halafu mwulize, kwa adabu na mkiwa wawili, kama kuna ajali aliyoiona au mtu aliyempoteza barabarani. Kauli fupi namna ile mara nyingi ina historia nyuma yake, na huenda haihusu gari la babu hata kidogo.

Matairi hayana mjadala mrefu. Ubavuni kuna maandishi yanayoanza na DOT, na mwisho wake tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2309 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Ukikuta tarakimu tatu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000. Watengenezaji wengi wanasema tairi lisivuke miaka 10 hata kama kashata zake bado ni ndefu, kwa sababu raba huzeeka hata ikiwa imelala. Hayo ya babu yamekaa bila upepo yakibeba gari. Yatumie kulisukuma uani tu. Gurudumu likiwa juu, lishike juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, kuna beringi, boljointi au tairodi endi (viungio vya gurudumu na stelingi) iliyochoka. Mikanda ya viti nayo ivute yote hadi mwisho. Iliyoliwa, iliyokauka au isiyojifunga ibadilishwe.

Injini sasa. Fundi aliyesema imekufa bila kushika spana hakupima, alikisia. Na hiyo nyingine iliyotumika anayotaka ununue, historia yake huijui wala yeye haijui. Ya babu huenda ilizimwa ikiwa inafanya kazi. Muulize Bibi safari yake ya mwisho ilikuwaje, kama ilichemka, kama ilitoa moshi.

Iamshe hivi. Chomoa waya wa betri wa hasi kabla ya wa chanya, hata kama betri unaiona imekufa. Toa plagi zote, na kwenye kila tundu tia kijiko kimoja cha oili safi ya injini. Iache usiku kucha, au siku kadhaa. Gari likiwa kwenye nyutro, weka spana kwenye nati ya puli ya krenki shafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) uizungushe taratibu kwa mkono, kwa upande ambao injini huzunguka. Injini ya mipigo minne humaliza mzunguko wake kwa raundi mbili za krenki, kwa hiyo ikipita raundi mbili bila kukwama, umepata habari njema sana. Ikikwama, usiweke bomba kwenye spana ili uongeze nguvu. Tia oili tena, subiri, jaribu kidogo mbele na nyuma. Subira ya wiki hapa inaweza kukuokolea bei ya injini nzima.

Ikizunguka, usikimbilie funguo bado. Vuta dipstiki na ufungue kifuniko cha oili: ukiona rangi ya maziwa, huenda maji yameingia kwenye oili na gasketi ya silinda hedi ichunguzwe. Mwaga oili, badilisha na filta. Toa petroli yote tangini, nje, mbali na moto na mbali na mtu anayevuta sigara, kisha filta mpya ya petroli na paipu mpya za raba. Kabureta ifunguliwe isafishwe. Kama injini hii inatumia mkanda wa taimingi (unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni) na hakuna anayejua ulibadilishwa lini, weka mpya pamoja na beringi yake. Mkanda ni raba. Umezeeka ukiwa umesimama. Katika injini nyingi ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na hapo ndipo maneno ya yule fundi yatakapotimia.

Kisha unganisha betri yenye chaji upime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Kipimo chake huazimwa au hukodishwa, na kinachotafutwa ni silinda zote ziwe karibu sawa na zifikie kiwango kilichoandikwa kitabuni. Plagi zikiwa bado nje, piga stata hadi taa ya oili izime kwenye dashibodi. Hapo oili imefika juu. Rudisha plagi, jaza maji ya rejeta, lisogezeni nje kabisa, kizima moto kiwe karibu, ndipo uwashe. Narudia nje kabisa. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa kinatosha kumaliza mtu kabla hajajua anaumwa. Iandike kwenye daftari la Baba.

Moshi wa mwanzo usikutishe. Ile oili uliyotia inaungua. Baada ya muda, bluu inayoendelea ni oili inapita kwenye ringi au sili za valvu, nyeupe nzito isiyoisha ni maji yanaingia kwenye silinda, nyeusi ni petroli nyingi mno na hiyo hurekebishwa kwenye kabureta. Na rejeta ikiwa ya moto usiguse kifuniko chake kwa sababu yoyote ile.

Rafiki yako simlaumu, na kuhusu moyo wa kuendelea amesema jambo la kweli. Magari mengi ya aina hii hufia uani yakiwa yamefunguliwa kila mahali kwa siku moja, boliti zimechanganyika kwenye ndoo, na mwenye gari hajui arudi vipi. Dawa yake ni kumaliza kitu kimoja kabla ya kufungua kingine. Piga picha kabla ya kulegeza chochote, kila boliti ziende kwenye kikopo chenye jina, na siku ya breki kukamilika ihesabu kama siku ya sherehe. Huko ndiko moyo unakopatikana. Rangi kuwa ya mwisho si adhabu, ni utaratibu wa kazi. Oili ya breki ikidondoka juu yake huimenya, na ukichomelea kutu unaiunguza. Tena, rangi iliyopigwa mapema hufunika kile ambacho bisibisi ingekuonyesha. Chukua bisibisi uchokonoe chini ya milango, sakafu, na mahali shokapu zinaposhikwa. Kutu ya juu husuguliwa. Ikipenya ikatoka upande wa pili kwenye mihimili inayobeba gari, hilo ni la mchomeleaji mzoefu, na mwulize kabla hujatumia fedha kwingine, kwa sababu hilo ndilo pekee linaloweza kufanya nikushauri uache.

Spika zisubiri hadi nyaya zikaguliwe. Nyaya za umri huo ngozi yake hukatika ukizikunja, na spika kubwa hudai umeme mwingi. Fyuzi ikiungua, weka ya kiwango kilekile. Anayekuambia ufunge kipande cha waya mahali pa fyuzi anakufundisha kuchoma gari. Rimu kubwa kuliko saizi ya gari nazo zinaweza kusugua bodi na kuchosha beringi ulizotoka kuzibadilisha. Safisha za babu uzipige rangi.

Wakati gari linaendelea, anza mafunzo ya udereva kadiri sheria ya mahali ulipo inavyoruhusu umri wako. Lisiguse barabara kabla ya leseni, bima na ukaguzi, na ukaguzi ufanywe na mtu ambaye hakushiriki kulitengeneza, maana jicho lililofunga boliti huamini kwamba imefungwa. Nati za magurudumu kaza kwa mpishano, si kwa kuzunguka duara, na uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza. Ukifika kwenye kabureta ukakwama, niandikie na unitajie namba iliyogongwa ubavuni mwake, tuendelee kuanzia hapo.